Flaiwili Nyepesi? Kwanza Niambie Unakwenda Nayo Wapi

Msyuu! Nani amemwambia huyu kijana kwamba flaiwili nyepesi inaongeza farasi?

Nauliza kwa uchungu, na nauliza kwa sauti. Siku zote hizi hapa kijiweni hakuna habari nyingine. Kijana ana Subaru Impreza WRX ya gia za mkono, klachi imeanza kuteleza, giaboksi imebidi ishuke. Basi akatokea mtu akamjaza maneno: maadam gari linafunguliwa, peleka flaiwili kwa fundi wa kerezo aipunguze nusu, gari litaruka lenyewe. Na bei aliyotajiwa ni ndogo, ndiyo maana maneno yakamwingia. Wapo kwenye benchi wanaosema mwacheni, damu yake inachemka. Mimi simwachi.

Flaiwili ni sahani nene ya chuma iliyofungwa kwa boliti mwisho wa krenki. Ukingoni ina meno, hayo ndiyo yanayoshikwa na stata ukiwasha gari. Usoni ndipo klachi pleti inapobanwa na presha pleti. Hayo kila mtu anayaona. Kazi yake kubwa haionekani. Injini ya pistoni haisukumi mfululizo, inasukuma kwa vishindo. Ya silinda 4 inapata vishindo 2 kila krenki inapozunguka mara moja, na kati ya kishindo na kishindo kuna pistoni inayobana hewa na kuivuta krenki nyuma. Flaiwili inapokea cha ziada wakati wa kishindo, halafu inakitoa wakati wa pengo. Bila hiyo sailensa ya 700 isingetulia, na usingeweza kuachia klachi polepole una watu 4 ndani na buti imejaa, gari likaondoka bila kutikisika.

Haya, wepesi unasaidia nini? Unasaidia, nisimnyime haki yake. Injini ikipanda resi, sehemu ya nguvu yake inaliwa na kuzungusha vyuma vyake yenyewe. Punguza chuma, na kile kilichokuwa kinaliwa kinakwenda kwenye matairi. Lakini farasi hawajaongezeka hata mmoja. Injini inatoa kilekile ilichotoa jana. Ulichopunguza ni mlaji mmoja, na mlaji huyo anakula pale tu resi inapopanda. Ukishika mwendo wa 80 barabara kuu ya Morogoro na mguu umetulia, flaiwili ya kilo 10 na ya kilo 5 hazina tofauti yoyote.

Chukua karatasi. Tuseme ya kiwandani ina kilo 10, nyepesi ina kilo 5, na ule uzito uliotolewa ulikuwa umekaa kwa wastani sentimita 10 kutoka katikati. Gia namba 1 tuipe uwiano wa 3.5, difu 4.4, na tairi tulipime sentimita 30 kutoka katikati hadi chini. Gia na difu kwa pamoja zinakupa 15.4, na kwenye hesabu hii namba hiyo inazidishwa yenyewe kwa yenyewe. Ukifika mwisho, kwenye gia namba 1 gari linaondoka kana kwamba limepunguziwa kilo 130 hivi, yaani umewashusha abiria wawili. Hiyo ni kubwa, na ndiyo inayowalewesha watu: wakiliendesha gari kutoka gereji hadi mwisho wa mtaa wanaona kweli limebadilika. Sasa ingia gia namba 2: zimebaki kilo 40. Namba 3: kilo 20. Namba 5, pale mbio zenyewe zinapokuwa: kilo 6. Kilo 6! Kwenye gari lenye kilo 1,300 na zaidi. Kutoa tairi la akiba kunakupa zaidi ya hapo, na ni bure.

Na msije mkaniambia habari ya karatasi ya mashine ya kupimia nguvu. Mashine nyingi za kupimia zinafanya kazi kwa kuangalia injini inachukua muda gani kulizungusha pipa zito. Flaiwili ikiwa nyepesi, pipa linashika kasi mapema kidogo, na mashine inaandika farasi zaidi. Mtu anatoka na karatasi yake anaionyesha kijiwe kizima. Lipime gari hilohilo kwenye mashine inayoishikilia injini palepale kwenye resi moja, nguvu itarudi ileile.

Lipo na neno jingine linalonikera, kwamba flaiwili nyepesi inaihifadhi giaboksi kwa sababu gia zinaingia laini. Hapana. Unapokanyaga klachi, flaiwili inabaki na injini, klachi pleti inabaki na giaboksi. Zile pete za shaba zinazolainisha gia zinapambana na uzito wa klachi pleti na shafti yake, flaiwili haimo kabisa. Unachokipata ni kwamba ukiachia mafuta resi inashuka upesi, na ukigusa mafuta inapanda upesi. Kwa dereva mwenye mkono mwepesi na miguu inayojua kazi, anayeshusha gia huku amekanyaga breki na kuigusia injini mafuta kwa kisigino, hilo ni tamu sana. Kwa dereva anayebadilisha gia polepole, resi inakuwa imeshaanguka kupita pale gia inayofuata inapoihitaji, na kila gia inaingia kwa mtikisiko.

Hapo ndipo ninapomuuliza kijana: gari lako linafanya kazi gani kuanzia asubuhi hadi usiku?

Akanijibu vizuri, kwa adabu. "Mzee, asubuhi nakwenda nalo kazini, Jumamosi nazunguka, na mwisho wa mwaka naenda nalo kwetu Iringa."

Basi tulitazame hilo. Asubuhi anakaa kwenye foleni ya Ubungo, mita 5, simama, mita 10, simama. Kila anapoondoka anakula akiba ya flaiwili. Akiba hiyo inakwenda kwa uzito na kwa resi, ila resi inahesabiwa mara mbili, inazidishwa yenyewe kwa yenyewe. Flaiwili ukiikata nusu, ili uwe na akiba ileile uliyokuwa nayo kwenye resi 1,500, lazima upige resi 2,100. Kila mwanzo, kila tuta, kila taa nyekundu. Maana yake klachi inateleza kwenye resi kubwa na kwa muda mrefu zaidi. Joto la kuteleza huko linaingia wapi? Linaingia kwenye flaiwili hiyohiyo, ambayo sasa ina nusu ya chuma cha kulipokea, kwa hiyo inachemka zaidi. Kijana anafungua gari kwa sababu klachi imekwisha, halafu anataka kufunga kitu kitakachoimaliza klachi mpya mapema! Jamani, hili ndilo linalonifanya nisonye.

Halafu safari ya Iringa. Mnaijua Kitonga. Lori limepakia, limekata mlima kwa mwendo wa mguu, nyuma yake basi, nyuma ya basi wewe. Linasimama, unasimama. Linaondoka, unaondoka, mlimani, na mizigo ya sikukuu, na mama yuko kiti cha nyuma. Kadiri unavyopanda hewa inapungua. Iringa mjini uko juu ya mita 1,500, na hewa imeshapungua kwa zaidi ya asilimia 10 ukilinganisha na Dar es Salaam. Injini ya taibo chini kabisa kwenye resi, kabla taibo haijaamka, ni injini ndogo ya kawaida ya lita 2 yenye mgandamizo mdogo, na sasa inavuta hewa pungufu. Pale kwenye sekunde moja ya kuondoka, flaiwili nzito ndiyo iliyokuwa inambeba kijana. Ametoa msaidizi wake mahali anapomhitaji kuliko popote.

Wale wa Japani waliolitengeneza gari hili wanajua mbio. Colin McRae alishinda Safari Rally ya 1997 akiwa kwenye Impreza, Richard Burns akashinda ya 2000 kwenye Impreza, na ndiyo maana hadi leo rangi ile ya bluu na rimu za dhahabu mnaviona hata kwenye bajaji. Kampuni hiyo ingeweza kuweka sahani nyembamba tangu kiwandani na ikaokoa chuma. Iliweka nzito kwa sababu ilijua gari litaendeshwa na watu wa kila namna, mahali pa kila namna.

Na kwa habari ya Safari, wazee wenzangu watakumbuka 1993. Subaru walileta Vivio, kigari cha injini ya sentimita za ujazo 660. McRae alikuwa na kimoja akaondoka kwa moto, watu wakashangaa kasi yake, gari likamfia njiani. Patrick Njiru wa Kenya alikuwa na kingine, akakilea, akakifikisha mwisho na kushinda daraja lake. Kila mtu akizungumzia mwendo mimi namkumbuka Njiru.

Sisemi flaiwili nyepesi haina mtu wake. Anayo. Anayekimbia kwenye lami, njia ya kona nyingi, gia ya 2 na ya 3 ndizo kazi yake, injini haishuki chini ya resi 4,000 siku nzima, na gari linafika kwenye mashindano likiwa limebebwa: huyo anunue, na atakuwa amefanya jambo la maana. Mbio za mstari ulionyooka ni kesi nyingine, na wengi hawalijui hili. Wapo madereva wa magari ya gia za mkono wanaotafuta flaiwili nzito zaidi, kwa sababu pale taa inapowaka kijani wanataka ile akiba iwarushe kabla injini haijalemewa. Vumbi na kokoto nako kuna hoja yake: uzito unalainisha nguvu inapofika kwenye tairi, na tairi linalokwaruza changarawe linapenda ulaini.

Wenye Mark II na Crown za otomatiki wanaochangia mjadala huu, hayo hayawahusu. Gari lenu halina flaiwili ya namna hii, lina sahani nyembamba ya bati la chuma, na uzito wote uko kwenye lile pipa la mafuta linalozunguka mbele ya giaboksi. Wenye magari ya Ulaya, angalieni kabla hamjagusa: mengi yana flaiwili ya vipande viwili na springi katikati, kazi waliyoianza LuK wa Ujerumani mwaka 1985 ili kuimeza ile mitetemo ya injini kabla haijaingia kwenye giaboksi. Ukiitoa ukaweka kipande kimoja chepesi, giaboksi itagonga meno ukiwa umesimama, na utadhani beringi zimekwisha. Pia kompyuta ya gari inatambua silinda iliyokosa kuwaka kwa kusoma krenki inavyoyumba. Flaiwili ikiwa nyepesi krenki inayumba zaidi, na taa ya injini inaweza kuwaka wakati injini ni nzima.

Haya yote ni ya kupatana. Mtu mzima akisema nimesikia, lakini naipenda hivyo, pesa ni yake na klachi ni yake. Lisilo la kupatana ni la kerezo.

Hebu tuishike hiyo flaiwili mkononi. Itoe kwenye gari, ilaze juu ya gunia, ifute kwa petroli na kitambaa. Kwenye uso utaona madoa ya bluu na ya rangi ya zambarau: hapo klachi iliteleza hadi chuma kikapikwa. Lete jicho karibu, geuza uelekee jua. Utaona mistari myembamba inayotoka upande wa katikati kwenda ukingoni, mingine huwezi kuiona mpaka upitishe ukucha. Hizo ni nyufa za joto. Itundike kwa waya ukaigonge taratibu kwa spana. Nzima inalia, inavuma kwa muda. Yenye ufa inajibu kwa sauti iliyokufa. Ile ya kijana tuliigonga juzi, na iliyotoka ilikuwa sauti fupi. Nikawatazama waliokuwepo, hakuna aliyesema neno.

Hiyo ndiyo wanayotaka kuikata nusu.

Flaiwili ya kiwandani kwenye gari la namna hii ni chuma cha kasti. Kasti ina nguvu sana ukiikandamiza, ila ukiivuta ni dhaifu, kwa sababu ndani yake kuna vipande vyembamba vya grafaiti, na kila kipande ni mahali ufa unapoweza kuanzia. Na kitu kinachozunguka kinavutwa nje kila upande kwa wakati mmoja. Resi 7,000, kwenye flaiwili yenye sentimita 28 kutoka ukingo hadi ukingo, ukingo unakwenda zaidi ya mita 100 kwa sekunde, kama kilomita 370 kwa saa. Mkazo huo nao unapanda kwa resi kuzidishwa yenyewe. Mtu aliyesubu sahani hii aliipa unene huo kwa hesabu. Fundi wa kerezo hana hesabu hiyo. Ana mashine nzuri na mkono mzuri, namheshimu, nimempelekea kazi nyingi, lakini anakata pale panapokatika kirahisi. Na panapokatika kirahisi ni katikati, karibu na boliti, ambapo uzito hausaidii kitu kwa sababu uko karibu na mhimili, na ndipo nguvu yote ya injini inapopita. Mteja anapata udhaifu mwingi kwa wepesi mdogo. Akikata ukingoni, anakula mahali panaposhika meno ya stata. Halafu balansi. Gramu chache zikizidi upande mmoja karibu na ukingo, kwa resi hizo zinagonga beringi za krenki kila mzunguko, na mashine ya kupimia balansi kwenye banda lake haipo.

Ikipasuka haipasuki taratibu. Vipande vinatoka kwa mwendo ule ule ukingo ulikuwa nao. Kwenye Subaru injini imelala mbele kwa urefu, giaboksi inarudi nyuma, na flaiwili inakaa mbele kidogo ya bati linalotenganisha injini na miguu ya dereva. Kasha la alumini linaloifunika halikutengenezwa kuzuia risasi. Don Garlits, mfalme wa mbio za mstari ulionyooka Marekani, mwezi Machi 1970 giaboksi ya gari lake ilipasuka Long Beach, California, ikaondoka na sehemu ya mguu wake wa kulia. Alipopona akajenga gari lenye injini nyuma ya dereva, na wenzake wote wakamfuata. Marekani huko kuna taasisi ya SFI inayoweka viwango vya vifaa vya mbio. Flaiwili na klachi za kubadilishia zina kiwango chake, namba 1.1, na viwanja vya mbio haviruhusu magari ya kasi bila hicho. Watu walifika hapo baada ya kuokota miguu. Sisi tunataka kuanza upya?

Nilimwambia kijana hivi: "Mwanangu, kuusafisha uso ni kitu kimoja, kuipunguza ni kingine." Kuusawazisha uso kwa kuondoa kiasi kidogo, ndani ya kipimo alichokiruhusu mtengenezaji, ni kazi halali na kila klachi mpya inaistahili. Lakini iliyopasuka haisawazishwi. Inatupwa.

"Kwa hiyo hata ya dukani nisinunue?"

Nunua ukiwa unaihitaji. Ya feleji iliyochongwa kutoka kipande kimoja, au ya alumini yenye uso wa chuma uliofungwa kwa boliti ili ubadilike ukichakaa, kutoka kwa mtengenezaji anayejulikana, yenye namba yake na kiwango chake. Na usikimbilie ile nyepesi kuliko zote kwenye orodha. Kutoka kilo 10 hadi 7 na kitu mtu bado anaishi na gari lake. Kushuka hadi 4 ni kununua gari la mbio bila njia ya mbio. Tahadhari: kuna bidhaa za kughushi zenye maboksi mazuri, na flaiwili ya kughushi ni hatari ileile ya kerezo.

Alinyamaza kidogo, akatoa simu, akapiga hesabu ya pesa alizonazo. Tulikaa naye benchi zima. Tumempangia: flaiwili ya kiwandani nzima, kutoka kwenye injini ya mtumba, itakayogongwa na kukaguliwa juani kabla ya kulipiwa. Klachi kamili pamoja na rilizi beringi. Ile beringi ndogo inayokaa katikati ya flaiwili, ambayo mafundi wavivu huirudisha ya zamani. Oili sili ya nyuma ya krenki, kwa sababu giaboksi ikishashuka sili ni bei ya chakula, na ikivuja baadaye mafuta yanaingia kwenye klachi na kazi yote inarudiwa. Boliti mpya, zikazwe kwa spana ya kipimo kwa mpangilio wa msalaba, kwa namba iliyo kwenye kitabu cha gari. Pesa itakayobaki iende kwenye pedi za breki za mbele na mafuta mapya ya breki, maana nimeliendesha gari lile hadi kona ya pili na pedeli ilizama kuliko ninavyopenda.

Fundi amesema giaboksi itarudishwa Alhamisi asubuhi. Ile flaiwili yenye ufa nimemwomba asiiuze kwa wanunuzi wa chuma chakavu ikiwa nzima, aipasue kwa nyundo kwanza, asije mtu akaiokota na kuipeleka kwenye kerezo.